Hapana ya Lusajo

Wewe uliyeripoti kituoni wiki hii na bado unatafuta kiti kisichoyumba pale ofisini, nisikilize kidogo. Najua umekuja na mafunzo mazuri kuliko niliyoanza nayo mimi. Umesoma sheria, umesoma saikolojia, na simu yako ina mambo ambayo sisi tuliyafuata kwa basi. Sitaki kukuongezea masomo. Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa Ilomba aliyeitikia kila swali kwa neno moja la adabu, kwa sababu na wewe utakutana naye. Atakuwa na jina lingine na sura nyingine, lakini utakutana naye.

Mimi nilikuwa afisa ustawi wa jamii. Nilianzia Iringa, nyumbani, kisha nikahamishiwa Mbeya, na huko ndiko nilikozeekea kazini. Mtaani hawakuiti kwa jina lako. Wanakuita Ustawi. "Ustawi anakuja," na wanaume wenye watoto wasiowalea wanakumbuka ghafla kwamba wana safari. Watu wengi wanadhani kazi yetu ni hiyo tu, watoto na ndoa zilizokorofika. Upande wa watu wazima wasioweza kujiamulia hauonekani sana, na hata mimi sikufundishwa vya kutosha. Nilifundishwa na Mama Sanga, aliyekuwa mkuu wangu, mwanamke wa Kikinga mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka, aliyestaafu miaka mingi kabla yangu.

Nikueleze kazi yenyewe kwa lugha ya nyumbani. Mtu mzima hujiamulia mambo yake, hata akiamua vibaya. Lakini kuna kiharusi, kuna uzee wa kusahau, kuna ugonjwa wa akili, kuna mtu aliyezaliwa na akili isiyokua pamoja na mwili wake. Hapo mambo mengine yanamshinda, na ndugu wanambebea. Ndugu wakigombana, au wasipokuwepo kabisa, shauri linakwenda mahakamani, hakimu ateue mtu wa kuamua kwa niaba yake. Na wakati mwingine, hakimu akiwa bado anatafakari, mtu huyo anawekwa chini ya ofisi yetu. Yaani wewe, ambaye jana hukumjua, leo ndiye unayesema atalala wapi na atatibiwa wapi. Siku ya kwanza ya mamlaka hiyo utajisikia mkubwa. Siku ya pili utapigiwa simu kuulizwa kama anyolewe nywele au zisubiri baridi ipungue.

Mama Sanga alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Uyole, akanipeleka kumwona ili nijifunze. Bibi yule hakujua tena ni mwezi gani wala jina la mkwe aliyekuwa akimpikia. Ripoti ya daktari ilikuwa nene. Mama Sanga hakumwuliza lolote. Alimwekea gunia la viazi mbele, akakaa chini naye. Bibi akaanza kuchambua: vya mbegu huku, vya kula huku, vilivyoanza kulegea kule mbali, na kimoja nilichokirudisha mimi kwenye fungu lisilo lake akakiondoa bila kunitazama. Tulipotoka Mama Sanga akaniambia uwezo wa mtu hauzimiki wote kama umeme wa mtaa. Chumba kimoja kinaingia giza, chumba cha pili taa inaendelea kuwaka. Kwa hiyo mamlaka unayoiomba mahakamani iwe ya vyumba vyenye giza tu. Usiombe nyumba nzima kwa sababu fomu ina nafasi ya kuandika nyumba nzima.

Na jambo jingine nililolipata siku hiyo: nenda na kazi ya mikono. Viazi, maharage ya kuchambua, uzi wa kukunja. Mtu asiyeweza kuongea nawe uso kwa uso ataongea nawe mkiwa mmeinamia kitu kimoja. Vijana wengi wanakwenda na kishikwambi na kukaa mkabala na mtu kama wanamhoji mwizi. Kaa pembeni yake. Muwe mnatazama upande mmoja.

Sasa Lusajo.

Lusajo alikuwa mwanamume wa zaidi ya miaka arobaini, mrefu, msafi, mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Aliishi na mama yake Ilomba, katika nyumba yenye vyumba vya wapangaji uani. Mama yule alimfundisha kujiogesha, kufagia, kuchota maji, na alimfundisha adabu. Kinyakyusa kina neno ndaga. Ni asante, na pia ni neno la kuitikia mtu anapokusalimu. Mama alimwambia mwanawe: mtu akikusemesha, mwitikie ndaga. Lusajo alilishika somo hilo kuliko masomo yote. Mtaa mzima ulimpenda kwa neno hilo. Ukimsalimu, ndaga. Ukimwambia mvua inakuja, ndaga.

Kisha mama akafariki. Watoto wengine walikuwa wawili. Ambakisye, kaka mkubwa, alikuwa mkulima wa mpunga Madibira. Tumpe, dada na kitinda mimba, aliolewa Iringa na mwalimu wa Kihehe. Wote wawili walimtaka Lusajo, na hilo ni jambo jema, usije ukadhani kila shauri la namna hii lina ndugu mbaya ndani yake. Lakini walimtaka kwa nguvu hadi wakaacha kusalimiana, shauri likafika mahakamani, na hakimu akaiagiza ofisi yetu imshike Lusajo kwa muda, tuchunguze, tushauri aishi na nani. Ilikuwa ni maisha yake yote yaliyobaki. Mtu wa namna ile hahamihami. Ukimpeleka mahali pasipomfaa, hatakuandikia malalamiko.

Tulikwenda Ilomba jioni moja kwenye kikao cha ukoo, mimi na Mama Sanga. Tulipita jikoni kuwasalimu akina mama, na Mama Sanga akasifia usafi: sufuria zote, vikombe, ndoo, hata vigoda, vimefudikizwa vizuri chini ukutani kama vinavyokaa vyombo vilivyotoka kuoshwa. Tukaingia sebuleni.

Ambakisye alizungumza kwanza, kama ilivyo haki ya mkubwa. Alisema ukoo ulishamteua kuwa msimamizi wa mirathi ya mama, kwa hiyo haelewi mahakama inatafuta msimamizi gani tena. Nyumba ni ya mama, Lusajo ni wa mama, yeye anasimamia vya mama. Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Nilianza kueleza vifungu, nikaona macho ya watu yanatoka dirishani. Mama Sanga akaniwekea mkono gotini.

"Baba," alimwambia Ambakisye, "wewe umewekwa kusimamia alivyoviacha mama. Kabati aliliacha. Nyumba aliiacha. Lusajo hakuachwa kama kabati."

Ambakisye aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Alisema sawa, lakini kuna jambo lingine lenye nguvu kuliko yote: mwenyewe amekubali. Alimwuliza Lusajo mbele ya mashahidi kama atakwenda Madibira, na Lusajo alikubali.

Tumpe akaruka kutoka pale mkekani. Akasema Lusajo alimkubalia yeye kwenda Iringa, tena mara mbili, na mume wake alikuwepo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na wazo langu, nikasema kwa sauti ya kiofisi kwamba hata sisi tulimwuliza kama angependa kubaki hapahapa Ilomba, mtaa anaoujua, tukimtafutia mtu wa kukaa naye, na kwamba naye alionyesha kuridhia.

Tukawa watu watatu tuliokubaliwa. Mjomba mmoja akasema, "Basi mkateni vipande vitatu," na watu wakacheka. Lusajo naye akacheka, maana alipenda watu wakicheka.

Mama Sanga hakucheka. Alimgeukia Lusajo, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango akikunja na kukunjua ukingo wa sweta lake.

"Lusajo."

Akainua uso.

"Nichukue kisu nikukate masikio?"

"Ndaga," akasema Lusajo, kwa adabu zake zote.

Nilikisikia kikombe cha mjomba kikirudi kwenye sahani yake. Tumpe alianza kucheka, na kicheko kile kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Ambakisye alikuwa akimtazama mdogo wake kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa akiupitia miaka yote ni picha iliyochorwa ukutani.

"Sasa mama," alisema hatimaye, "kama ndiyo yake si ndiyo, tutajuaje anachotaka?"

"Ndiyo yake tumeshaiona ilivyo. Tuitafute hapana yake."

Hapo ndipo lilipotoka jibu ambalo wote tulikuwa tumelikalia. Uani aliishi mpangaji aliyeitwa Mama Rukia, Mwislamu ambaye wazazi wake walipanda huku kutoka pwani kwa biashara. Alikuwa akipika vitumbua na kuuza asubuhi, na Lusajo alikunywa chai barazani kwake tangu mama yake akiwa hai. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, anasubiri nafasi ya kupita.

"Lusajo anakataa kila siku, mama," alisema. "Mnataka akatae mara ngapi?"

Akaombwa aeleze. Alieleza kwa namna ya mtu anayeshangaa kuulizwa kitu cha kawaida. Akishiba chai, Lusajo anageuza kikombe, mdomo chini. Asipotaka kuvaa viatu fulani, anavigeuza nyayo juu. Siku moja mtoto wa jirani alimletea karai la nguo za kufua kwa kumwonea, Lusajo alimwitikia ndaga, akamwaga maji, akalifudikiza karai. Neno la kukataa hana. Mama yake alijua, ndiyo maana hakumsumbua kwa maneno.

"Na akikataa jambo kubwa?" Mama Sanga aliuliza.

"Anageuza kitu kikubwa."

Mama Sanga aligeuka kutazama upande wa jikoni, akauliza nani aliosha vile vyombo.

"Havijaoshwa, mama. Tangu tumzike mama yake, kila jioni anaingia mle anavipindua vyote. Mie huvisimamisha asubuhi, jioni anavigeuza tena."

Tuliinuka tukaenda kutazama. Safari hii tuliona tulichokuwa tumekitazama mwanzo. Sufuria zilikuwa na masizi na ukoko. Ndoo ilikuwa imefudikizwa na maji yake yamelowesha sakafu. Nyuma ya mlango, kinu kizito cha mama yake, ambacho mimi nisingethubutu kukiinua peke yangu, kilikuwa kimesimama mdomo chini. Lusajo alitufuata, akasimama nyuma yetu akikunja sweta. Pendekezo langu la Ilomba lilikufa palepale jikoni. Nyumba ile bila mama yake alikuwa ameikataa kila jioni, na sisi tukasifia usafi.

Mama Sanga aliomba ruhusa kwa hakimu tumpeleke Lusajo kukaa siku kadhaa kila upande, halafu ndipo tushauri. Siku hizi fomu zenu zina sehemu ya maoni ya mhusika, na ni vizuri sana. Wakati ule hakukuwa na sehemu hiyo. Taarifa ilikuwa ya ndugu, ya daktari, na ya kwako. Hakimu alimsikiliza Mama Sanga akieleza mambo ya kikombe bila kumkatiza, akaruhusu.

Tulianza na Madibira kwa heshima ya mkubwa. Nilimsindikiza mimi. Ambakisye alikuwa amejiandaa kwa moyo: godoro jipya, chandarua, shati. Lusajo alikula wali kwa raha, akatembea juu ya matuta ya mashamba, akasimama kutazama maji yanavyoingia kwenye majaruba. Nikajisemea shauri limekwisha. Asubuhi nikakuta kikombe chake mdomo chini, chai haijaguswa. Ambakisye alikitazama na kuondoka kwenda shambani.

Kisha Iringa. Nyumba ya Tumpe iko mtaa wa mteremko, baridi kama ya Mbeya, na majirani wanaosalimu kila apitaye. "Kamwene," wanamwambia Lusajo, na yeye anawajibu ndaga, na Wahehe wenzangu wanashika mbavu. Shemeji yake mwalimu akawaambia watoto wa mtaa nao wamwitikie ndaga, ikawa mchezo. Nikafurahi kwa kuwa ni kwetu, sikufichi. Asubuhi, kikombe mdomo chini.

Tumpe aliketi kwenye ngazi ya jikoni na kuweka uso kwenye kanga. Alisema basi, hana kwao tena duniani, wampeleke kwenye kituo cha kulelea watu. Nami nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani taarifa yenye maneno hayo. Nikampigia simu Mama Sanga, nikamwambia Lusajo ameikataa Iringa.

"Amekwambia Iringa, au amegeuza kikombe?"

"Kikombe."

"Basi amekataa kilichokuwa kwenye kikombe. Anzia hapo, mwanangu."

Nikampigia Mama Rukia kumwuliza chai yake anaipikaje. Alinichelewesha kidogo kwa kucheka.

"Tangawizi, hiliki, na mdalasini kidogo. Kwani huko Iringa mnampa maji ya moto, Ustawi?"

Nilimwambia wanampa chai ya maziwa, nzito, nzuri sana. Akasema hiyo ni ya ndama. Tulinunua viungo sokoni jioni ileile. Asubuhi Lusajo alikunywa kikombe cha kwanza, akakisogeza kwa Tumpe kikiwa kimesimama, akaongezwa cha pili, na hicho ndicho alichokigeuza, tupu, taratibu, kama alivyokuwa akifanya barazani kwa Mama Rukia. Tulizunguka chumba chake kama polisi. Viatu vimesimama. Godoro limelala linavyotakiwa. Hata kwenye begi lake, ambalo Madibira hakulifungua, nguo zilikuwa zimetoka na kukunjwa juu ya kiti.

Sasa sikiliza sehemu ambayo napenda uikumbuke, kwa sababu kijana mwenye haraka angefunga jalada hapo. Ambakisye alisikia habari za viungo, akanipigia simu. Alisema jambo la haki kabisa. Alisema kwake tulimpima kwa chai mbaya na kwa dada yake tukampima kwa chai nzuri. "Na mimi nipeni hiliki," akasema. Niliona aibu kidogo kwamba halikutoka kwetu. Lusajo akarudi Madibira, na pakiti ya viungo ndani ya begi.

Simu ya Ambakisye ilikuja baada ya siku kadhaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Kaka, chai amekunywa. Kikombe amekisimamisha vizuri kabisa."

"Vizuri."

"Halafu amegeuza godoro. Jana amegeuza benchi. Leo nimetoka asubuhi nikakuta baiskeli yangu iko miguu juu uani. Nimemwelewa, kaka. Njooni mumchukue."

Hatukuwahi kujua kilichomshinda Madibira. Inawezekana ni vyura usiku, inawezekana ni uwazi wa yale mashamba kwa mtu aliyezoea kuta. Niliwahi kumwuliza Mama Sanga kama tusichunguze zaidi, tuweke sababu kwenye taarifa. Akaniuliza kama mimi, siku nilipokataa kuhamia wilaya fulani, niliwapa sababu zote. Mtu mzima hadaiwi sababu ya kila hapana yake. Ukimlazimisha mwenye ulemavu wa akili kutoa sababu ambayo hata wewe hutoi, umempandishia kizingiti juu kuliko chako.

Mahakamani shauri halikuchukua muda. Hakimu alimsomea Lusajo pendekezo kwa Kiswahili chepesi, akamwuliza kama ameelewa, na Lusajo akajibu ndaga. Hakimu akatutazama sisi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akarudi kwenye taarifa kusoma mambo ya godoro na baiskeli. Aliamua Lusajo aishi kwa Tumpe, na Tumpe aamue mambo ya matibabu na malazi. Nyumba ya Ilomba isiuzwe bila mahakama kuruhusu, na Ambakisye aendelee kuitunza. Mavazi, matembezi, chakula, nani wa kumtembelea, hayo aliyaacha kwa Lusajo mwenyewe. Hizo taa zilikuwa zinawaka.

Nje, kwenye ngazi, Ambakisye alikuwa amesimama peke yake na kofia mkononi. Usifikiri alikuwa na tamaa ya nyumba. Alikuwa na uzito mwingine, na aliusema mwenyewe.

"Mama, mimi ndiye mkubwa. Watu wakiniuliza mdogo wako yuko wapi, nitawajibu nini? Nimemtelekeza kwa shemeji?"

Mama Sanga alisogea akasimama pembeni yake, wote wakitazama barabara.

"Waambie yuko alikochagua."

"Alikochagua," Ambakisye akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akavaa kofia yake na kumfuata Lusajo, aliyekuwa ameshaingia garini na dada yake. Akaingiza mkono dirishani akamshika bega mdogo wake, na wakaagana kwa Kinyakyusa chao ambacho sikukifuata chote.

Niliendelea kumtembelea Lusajo kila nilipopita Iringa. Kuteuliwa kwa mlezi si mwisho wa kazi, ingawa mfumo wa kompyuta utakuandikia kwamba shauri limefungwa. Safari moja nilimkuta Tumpe amehangaika kwa sababu viatu vya Jumapili vilikuwa nyayo juu. Alidhani Lusajo amekataa kanisa, na mume wake ni mzee wa usharika. Nilimkumbusha mambo ya chai. Wakajaribu kumkalisha benchi la nje, chini ya dirisha, mbali na spika za kwaya, na Jumapili iliyofuata viatu vilisimama. Safari nyingine nilikuta alama yenyewe imeanza kubadilika: alikuwa amejifunza kwa watoto wa nyumba kusukuma kitu mbali kwa kiganja. Tumpe aliniambia kwa fahari, kama mzazi anayesema mtoto ameota meno. Tukaandika na hiyo.

Utaona mengi kuliko niliyoyaona. Wazee wanazidi kuishi miaka mingi, vijana wanaanguka na pikipiki na kuamka wakiwa watu wengine, na ndugu wametawanyika. Mara nyingi hakutakuwa na Tumpe wala Ambakisye, mahakama itakutazama wewe tu, na utakuwa na majalada mengine mezani. Utashawishika kuuliza swali moja, kupata jibu moja, na kwenda nyumbani. Sikulaumu. Miguu inachoka. Lakini kazi hii ina uzuri wake, na uzuri wenyewe unaupata ukikaa.

Kwa hiyo kesho, ukifika kwenye nyumba ya mtu wa namna hii, usimwulize chochote kwanza. Msalimie, kaa pembeni yake, shika kazi yoyote anayoifanya. Kisha mtafute anayeshinda naye kila siku, hata kama si ndugu, umwulize: huyu akikataa, hufanyaje? Liandike jibu hilo ukurasa wa kwanza wa jalada, na usiandike kwamba amekubali lolote hadi utakapokuwa umemwona akikataa.